Sikio la Mchungaji katika Baa za Uingereza

Huduma ya kichungaji katika baa ni kazi ya Kanisa inayofanyika mahali ambapo Kanisa si mwenyeji. Kasisi, mchungaji au mlei aliyepata mafunzo huingia katika nyumba ya vileo, hutafuta kiti, na kumsikiliza anayetaka kusema. Hakuna mimbari wala kapu la sadaka, na mara nyingi hakuna hata sala inayosemwa kwa sauti. Uingereza ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii, kwa sababu huko kanisa na baa vimejuana kwa karne nyingi: vilianza kama ndugu, vikawa maadui, na siku hizi vinaishi kama majirani wanaoazimana chumvi. Mwandishi wa makala haya aliifuata habari hiyo kuanzia mashariki ya London, akapita katikati ya jiji, akavuka mto Thames hadi Brixton, kisha akapanda kaskazini mpaka vijiji vya vilimani nje ya Sheffield.

Baa ya Kiingereza, ambayo wenyewe huiita pabu, humshangaza kwanza kwa ukimya yule aliyezoea baa za Sinza au Kijenge. Hakuna spika iliyoelekezwa barabarani, hakuna viti vya plastiki vyenye nembo ya bia, wala harufu ya nyama choma. Sakafuni kuna zulia, chini ya meza amelala mbwa wa mteja, na bia ya kienyeji yenye rangi ya kahawia hutoka kwenye bomba ikiwa na ubaridi kidogo tu, ile ambayo Mtanzania angesema ameletewa ya moto. Hupimwa kwa painti, yaani mililita 568. Cha kutafuna ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka hadi inatishia meno. Mwenye njaa ya kweli huagiza pai ya nyama, au samaki na chipsi, na Jumapili mchana ni nyama ya kuoka na viazi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna mhudumu anayekuja mezani. Kila mtu huenda mwenyewe kaunta, huagiza, hulipa papo hapo na kubeba glasi yake. Kwa hiyo kaunta ndiyo moyo wa nyumba. Aliyekaa mezani ana wenzake na mipaka yake. Aliyebaki amesimama kaunta amejiweka wazi kwa mazungumzo, na hata asiyemjua anaweza kumsemesha habari za mvua au za mpira bila kuonekana mjuaji. Wanaofanya huduma katika baa husimama hapo.

Undugu wa zamani kati ya nyumba hizi mbili haujafutika katika majina. Baa nyingi bado zinaitwa Angel, Lamb, Bell au Cross Keys, yaani malaika, mwanakondoo, kengele na funguo za Mtakatifu Petro. Katika Zama za Kati parokia zenyewe zilipika bia. Wazee wa kanisa walitafuta shayiri, wakapika, wakawauzia waumini siku ya sikukuu, na fedha zikaenda kuezeka paa au kununua mishumaa. Mchaga aliyekulia kwenye mbege haoni ajabu yoyote hapo, kwani kwao kikao cha ukoo bila kata ya mbege ni kikao kilichokosa shahidi. Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, na baadaye Wakristo wenye msimamo mkali wa karne ya 17, ndio waliozizima karamu hizo. Kisha sheria ya bia ya mwaka 1830 ikamruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia kwa leseni ya gini 2. Katika miaka michache maduka ya bia yalifunguliwa kwa makumi ya maelfu, mengi yakiwa sebule za watu wa kawaida, na katika miji ya viwanda mshahara wa Jumamosi haukufika Jumapili. Uadui ulianzia hapo.

Katika barabara ya Whitechapel, mashariki ya London, kuna baa iitwayo Blind Beggar, maana yake ombaomba kipofu. Nje yake, mwaka 1865, alisimama William Booth, mhubiri wa Kimethodisti aliyezaliwa Nottingham mwaka 1829, akawahubiria waliokuwa wakiingia na kutoka. Wamisheni waliomsikia wakamwalika aongoze mikutano yao ya hemani hapo jirani, na kutokana na mikutano hiyo likazaliwa shirika ambalo mwaka 1878 lilichukua jina la Jeshi la Wokovu. Jengo la sasa si lile lililomwona Booth. Lilijengwa upya mwaka 1894. Hata barabara yenyewe si ileile. Meza za soko mbele ya hospitali zimejaa mafenesi, bamia, majani ya tambuu na samaki wakavu. Wengi wa wauzaji wana asili ya Bangladesh, na msikiti mkubwa uko mwendo wa dakika chache. Msafiri wa pwani ya Afrika Mashariki huhisi yuko karibu na nyumbani kuliko alivyotarajia. Ndani ya Blind Beggar, hata hivyo, wageni wengi hawaulizi habari za Booth. Wanauliza jambazi Ronnie Kray alisimama wapi alipompiga mtu risasi mwaka 1966. Mhubiri amepewa sanamu mbali kidogo, barabarani, na jambazi amebaki na kaunta.

Njia ya Booth na watu wake ilikuwa sauti. Walipiga matarumbeta, walichukua tuni zilizopendwa katika kumbi za starehe wakazitilia maneno ya Injili, na walisimama mlangoni pa adui. Baadhi ya wenye baa na wanywaji wakajibu kwa kuunda magenge yaliyojiita Jeshi la Mifupa, yaliyowafuata waandamanaji kwa mawe, matope na ngoma zao wenyewe. Fujo za mji wa Weston-super-Mare zilifika mahakama kuu mwaka 1882, katika kesi ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaisoma, ya Beatty dhidi ya Gillbanks. Majaji waliamua kwamba anayefanya jambo halali hawezi kuhukumiwa kwa sababu tu anajua watu wengine watalijibu kwa kuvunja sheria. Wanajeshi wa Wokovu wakapata haki ya kuandamana. Lakini haki ya kuandamana si haki ya kusikilizwa, na yule aliyekuwa ndani na glasi yake aliendelea kunywa.

Kilichofungua mlango kilikuwa gazeti. Mnamo Desemba 1879 Jeshi lilianza kuchapisha The War Cry, na ikawa desturi ya askari wake, wengi wao wanawake, kuzunguka baa moja baada ya nyingine Ijumaa au Jumamosi usiku wakiliuza, huku kopo la michango likiwa mkononi. Muuza gazeti hawezi kupiga kelele ndani ya nyumba ya mtu. Lazima aombe ruhusa, apite meza kwa meza, aseme habari za jioni, angoje mtu apapase mfukoni kutafuta sarafu. Wakati wa kupapasa ndipo maneno yanapotoka. Mtu huuliza kama Jeshi bado lina makazi ya wasio na nyumba, anamuulizia rafiki, baada ya muda inajulikana kwamba rafiki huyo ni yeye mwenyewe. Mwingine anataja kaka ambaye hajamwona tangu mazishi ya mama yao. Tangu mwaka 1885 Jeshi lina idara ya kutafuta jamaa waliopotezana, kwa hiyo mazungumzo ya kaunta yaliweza kugeuka barua, na barua ikawa anwani. Matarumbeta hayakuwahi kufanya hivyo.

Sare nayo ina kazi yake. Askari wa Wokovu huapa kutokunywa pombe, na kila mnywaji anajua. Mtu angedhani kiapo hicho kingewakera wenye glasi. Kinawatuliza, kwa kuwa wanajua aliyesimama mbele yao hakuja kunywa kwa mgongo wao wala kuwaangalia kwa jicho la wivu. Wanajua pia kwamba Ijumaa ijayo atarudi. Wasomaji wa Kenya wanalifahamu Jeshi hilo, lililofika kwao mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na gazeti lake huko huitwa Sauti ya Vita. Anayemwona askari wa Nairobi akipiga ngoma Jumapili asubuhi anamwona mjukuu wa barabara ya Whitechapel.

Kutoka Whitechapel hadi kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya mabenki ya London, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Halina uhusiano na pombe, lakini bila kupita hapo habari ya kusikiliza haieleweki. Kasisi wake, Chad Varah, alikuwa amemzika mwaka 1935, akiwa kasisi kijana, msichana mdogo aliyejiua kwa hofu ya jambo ambalo mtu mzima yeyote angeweza kumweleza kwa dakika tano. Novemba 1953 alifungua hapo Walbrook huduma ya simu kwa wanaofikiria kujiua. Alikusudia kutoa ushauri yeye mwenyewe, na waliojitolea kumsaidia wakapewa kazi ya kuwapa chai na kahawa waliokuja na kungoja zamu. Muda si mrefu akaona jambo lililomshusha: wengi waliokwisha kuzungumza na mpika chai hawakuhitaji tena kumwona kasisi. Mapema mwaka 1954 aliikabidhi kazi hiyo kwa watu wa kujitolea, na ndivyo lilivyokua shirika la Samaritans. Simu ya zamani, nyeusi, bado imewekwa ndani ya kanisa. Karibu nayo iko altare ya jiwe, mviringo na nzito, iliyochongwa na Henry Moore, na watu huketi kuizunguka kama wanaoota moto.

Ugunduzi wa Varah ndio uliobadili huduma ya baa, hata pale ambapo jina lake halitajwi. Booth aliamini kwamba mlevi anahitaji kuambiwa. Warithi wa Varah wanaamini kwamba mtu, mlevi au asiye mlevi, anahitaji kwanza kusema. Imani hizi mbili hazijapatana kikamilifu hadi leo, na katika makanisa mengi ya Uingereza zinakaa benchi moja zikitazamana pembeni.

Ng'ambo ya mto, Brixton ina soko linalomfariji Mwafrika yeyote aliyechoshwa na viazi: ndizi za kupika, mihogo, viazi vikuu, pilipili mbuzi na vichwa vya samaki. Ni mtaa ambao wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walianza kuishi baada ya meli ya Windrush kufika mwaka 1948. Januari 2003, Les Isaac, mchungaji mzaliwa wa kisiwa cha Antigua ambaye ujanani alikuwa Rastafari, alianzisha hapo kikosi cha waumini wanaotembea mitaa ya baa na kumbi za muziki usiku wa manane. Waliitwa Street Pastors, wachungaji wa mitaani, ingawa wengi wao si wachungaji hata kidogo: ni wauguzi, walimu, wastaafu, mafundi bomba. Wakati ulikuwa umefika. Kwa miongo mingi baa za Uingereza zilifunga saa tano usiku, kengele ikigongwa kuwaambia wateja waagize mara ya mwisho. Sheria mpya, iliyoanza kutumika Novemba 2005, iliruhusu saa ndefu zaidi. Usiku ulirefuka, na wasindikizaji wake wakaongezeka. Leo vikosi vya namna hiyo viko katika miji mingi, vikifanya kazi kwa mapatano na polisi na halmashauri.

Utaratibu wao ni rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Kikosi cha watu wanne au zaidi, kutoka makanisa tofauti, hutoka saa nne usiku na kurudi karibu saa kumi alfajiri. Wamevaa kofia na koti zenye jina lao mgongoni. Wengine hubaki kituoni wakiomba, na huarifiwa kwa simu kinachoendelea. Begani kuna mkoba wenye maji ya kunywa, blanketi jepesi la kung'aa, pipi za kijiti na kandambili. Chupa zilizotupwa huokotwa kabla hazijawa silaha. Pipi, wanasema, humfanya mwenye hasira afunge mdomo kwa dakika moja, na dakika moja mara nyingi hutosha. Hawahubiri. Akiulizwa kwa nini anafanya hivyo, mtu hujibu ukweli, kwamba ni Mkristo, na kama swali halikuendelea, jibu nalo haliendelei.

Kandambili zinahitaji maelezo kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambaye huzivaa kwenda bafuni na angeona aibu kuingia nazo kanisani. Wasichana wa Uingereza huenda kwenye starehe wakiwa na viatu vya visigino virefu, na ifikapo saa nane usiku wamevivua na kuvishika mkononi, wakitembea pekupeku juu ya lami iliyojaa vigae vya glasi. Kumvisha mtu kandambili kunamlazimu mhudumu apige goti. Mwandishi alimwona mama mmoja wa makamo, mwenye asili ya Afrika Magharibi, akifanya hivyo kwenye ngazi za duka lililofungwa, huku akimwita msichana yule "mpenzi". Nyumbani neno hilo kutoka kwa mtu baki lingezua kesi, na mama wa umri huo angesema "mwanangu". London hata dereva wa basi huita abiria mpenzi na hakuna anayegeuka. Msichana alilalamika kwa dakika ishirini kuhusu mpangaji mwenzake asiyelipa bili ya umeme. Mama alisikiliza habari ya bili ya umeme kana kwamba ni habari ya vita. Msichana alikuwa amekwisha kusimama, kandambili miguuni, teksi imefika, ndipo alipotamka, akiutazama mlango wa gari, kwamba mama yake ana saratani na yeye hajaenda kumwona.

Wanaofundisha huduma hii wanaijua tabia hiyo na huitolea onyo mapema: neno zito hutoka mlangoni. Mtu hujaribu kwanza sikio kwa jambo jepesi, kama anayepima kina cha mto kwa fimbo. Msikilizaji aliyemkatiza kwenye bili ya umeme, au aliyeharakisha kumpa ushauri wa kuhama, hatalisikia la pili. Kwa sababu hiyo mafunzo hutumia muda mwingi kuondoa mazoea kuliko kuongeza maarifa. Mwanafunzi hufundishwa kutomaliza sentensi za mwenzake, kutosema "najua unavyojisikia", kutoleta habari ya shangazi yake aliyepatwa na hayohayo. Ukimya unaodumu muda wa pumzi tano huonekana mrefu mno kwa anayesikiliza, lakini anayetafuta neno huuona mfupi.

Ndani ya baa kazi hubadilika kidogo. Kasisi anayetaka kuhudumu humo humwendea kwanza mwenye baa na kuomba ruhusa, akieleza kwamba hatakusanya fedha wala kuwashambulia wateja. Huchagua siku na saa ileile kila wiki, kwa kuwa uaminifu wake hupimwa kwa kurudi. Huvaa kola yake au beji, asije mtu akamfungulia moyo kisha akagundua kwa kuchelewa alikuwa akizungumza na nani. Wiki za mwanzo hakuna kinachotokea. Watu humtania, humuuliza kama anaweza kuiombea Arsenal, humwomba ageuze maji. Mara nyingi wa kwanza kumsemesha kwa dhati si mnywaji bali mhudumu wa kaunta, wakati wa kufuta glasi. Mhudumu huyo ndiye msikilizaji wa kweli wa nyumba; amebeba siri za talaka, madeni na majibu ya hospitali za watu hamsini, na hakuna aliyewahi kumuuliza anazitua wapi.

Mipaka imewekwa wazi. Kaunta si mahali pa kitubio, na faragha yake ni ndogo, kwa hiyo jambo zito huhamishiwa kwenye benchi la nje au kwenye miadi ya kesho yake asubuhi na kikombe cha chai. Aliyelewa husikilizwa, ila hasaidiwi kufanya uamuzi. Kama anataka kuacha kazi, kumpigia mke wake simu au kuokoka saa sita usiku, anaombwa kwa upole alirudie neno hilo akiwa hajalewa. Fedha haitolewi mkononi. Mhudumu wa Kanisa hawi peke yake na mtu katika gari wala nyumbani. Palipo na hatari ya kujiua au ya mtoto kuumizwa, siri hupisha usalama, na mhusika huelezwa hivyo. Mwenye ugonjwa wa pombe huelekezwa kwa daktari au kwa mikutano ya Alcoholics Anonymous, iliyoanzia Ohio, Marekani, mwaka 1935 na kufika London mwaka 1947.

Swali lisilokwisha ni kilichomo ndani ya glasi ya kasisi. Waanglikana na Wakatoliki wengi huona nusu painti kuwa ni adabu ya nyumba. Jeshi la Wokovu halinywi kabisa, na Wamethodisti wengi hufuata mapokeo ya kujizuia. Kila upande una maandiko yake: mmoja hutaja Kana na sura ya 7 ya Luka, ambamo Yesu analalamikiwa kwa kula na kunywa na watu wasiofaa, mwingine hutaja Waefeso na mama wa nyumbani aliyeumizwa usiku. Tatizo la vitendo ni desturi ya raundi. Katika pabu kila mmoja wa kundi hununulia wenzake wote kwa zamu, na kukwepa zamu ni aibu isiyosahaulika. Kasisi aliyeketi na watu watano atajikuta na painti tano mbele yake au jina la ubahili mgongoni. Wengi hutatua kwa kusimama peke yao kaunta, kununua juisi ya chungwa wenyewe, na kuinywa polepole kwa saa mbili. Mwandishi anaona hilo ni suluhisho la busara, ingawa juisi ya chungwa ya pabu ni chungu kuliko inavyostahili bei yake.

Kwa Mkristo wa Afrika Mashariki jambo hili zima linakwaruza. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliifanya chupa kuwa alama ya mpaka: aliyeokoka hujulikana kwa alichoacha, na pombe ilitajwa mapema katika kila ushuhuda. Mchungaji akionekana akitoka grosari jioni, habari hufika usharikani kabla yake, na hakuna atakayeuliza alimfuata nani. Wakatoliki wamelegea zaidi, na katika vijiji vingi si ajabu kumwona katekista kwenye kilabu cha ulanzi au mbege. Lakini hata wao waliweka uzito kwenye jumuiya ndogondogo, zilizohimizwa na maaskofu wa kanda hii miaka ya 1970, ambazo hukutana majumbani, na anayeshinda kilabuni hayumo nyumbani zinapokutana. Wa kumhubiria yupo, na ana spika, stendi ya mabasi. Wa kumsikiliza ni mhudumu wa baa, binti aliyetoka mkoani, mwenye mshahara mdogo, ambaye naye Jumapili anaogopa kukaa benchi la mbele.

Huko Uingereza saa ya kanisa na ya baa inakimbia sambamba kwa namna nyingine. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki kama 45,000. Kodi, bei ya nishati, bia ya bei nafuu ya madukani na miezi ya kufungwa kwa ajili ya UVIKO kuanzia Machi 2020 vyote vimechangia. Katika vijiji vingi shule imefungwa, posta imefungwa, ibada hufanyika mara moja au mbili kwa mwezi, na pabu imebaki sebule ya mwisho ya umma. Kasisi mwenye parokia sita anayetaka kuonana na watu bila kuwapigia simu hana pengine pa kwenda.

Magharibi ya Sheffield barabara hupanda kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kondoo wamelowa, mawingu yamekaa chini, na bonde la Loxley limenyamaza. Ni bonde ambalo Machi 1864 bwawa lilipasuka juu yake na kuua watu kama 240. Katika vijiji kama Dungworth, Stannington na Worrall, kuanzia katikati ya Novemba hadi baada ya Krismasi, watu hujaa baa Jumapili mchana kuimba nyimbo za Krismasi zisizosikika kanisani. Zamani ziliimbwa humo humo kanisani, na wanakijiji waliokaa roshani ya nyuma na fidla na zumari zao. Katika karne ya 19 makasisi wenye nia ya kusafisha ibada waliwaondoa wanamuziki hao, wakaleta kinanda na vitabu rasmi vya nyimbo. Waimbaji walishuka ngazi, wakavuka barabara, wakaendelea baa. Mtafiti Ian Russell alianza kuzikusanya nyimbo hizo mwishoni mwa miaka ya 1960, na akakuta wimbo mmoja wa wachungaji na malaika ukiimbwa kwa tuni nyingi, kila kijiji kikishikilia zake.

Mgeni hukaribishwa kwa kusukumwa. Chumba kimejaa hadi vioo vinatoka jasho. Sauti ya nne ya wanaume iko karibu na kaunta, wanawake na watoto wako dirishani, na glasi zinapitishwa juu ya vichwa bila tone kumwagika. Anayejua kilabu cha Kilimanjaro saa mbili usiku, wazee wanapogeuka kutoka siasa na kuanzisha Tenzi za Rohoni kwa sauti nne zisizo na kosa, anajua anachosikia.

Kasisi wa eneo alikuwa amebanwa nyuma, karibu na makoti, kola shingoni na glasi mkononi. Hakuna aliyemwomba aombe wala aongoze. Wimbo wa tatu hakuujua. Mzee aliyekuwa kando yake, asiyehitaji kitabu, alimfungulia chake, akamwekea kidole kwenye mstari, akaendelea kuimba.